Kalamu ya Wino Mkononi mwa Mdaiwa

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ukiitazama vizuri, ni methali ya ajabu. Kidonda kipya nacho kina raha yake: unakigusagusa, unakichungulia, unamwonyesha mwenzako. Methali haiusifu upya wala haiutukani. Inasema tu kwamba binadamu ndivyo tulivyo, kitu kikiwa kipya kitatuvuta hata kikiwa kinauma. Ila kuna swali ambalo haijibu, na swali hilo limenikaa kichwani tangu mwezi uliopita. Hiyo raha ya kipya, je, ni halali kwa kila mtu? Ama kuna watu wanaopaswa kuionea haya?

Nauliza kwa sababu nimepewa kalamu. Si biki. Ni kalamu ya wino, ile ya kizamani yenye ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati, pamoja na chupa ya wino wa buluu, mililita 50. Ilikuja na basi kutoka Kitale, ndani ya kiboksi kilichoviringishiwa gazeti na selotepu ya kutosha kufunga friji. Aliyeituma ni shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Siku hiyo nilikuwa na deni la kodi ya mwezi mmoja na nusu, simu haina bando, na mteja mmoja wa ng'ambo alikuwa amenyamaza wiki tatu bila kunilipa makala kumi na mbili niliyomwandikia kuhusu sabuni za kuogeshea mbwa. Na bado, siku nzima, nilitembea na furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi.

Furaha hiyo ndiyo ninayotaka tuichunguze, mimi na wewe msomaji. Ilitoka wapi, na nilikuwa na haki gani nayo?

Tuanze na raha yenyewe, manake ambaye hajawahi kushika kalamu ya wino anaweza kudhani ni majivuno tu. Ndani ya kalamu mna kibomba kidogo. Unatumbukiza ncha yote kwenye chupa, unazungusha kitasa cha nyuma, na wino unapanda taratibu. Unatoa, unapangusa kwa tishu, na lazima kidole kimoja kibaki na doa la buluu. Kisha unagusa karatasi. Hapo ndipo mkono unashtuka kidogo, kwa sababu umezoea kusukuma. Biki ina kigololi kwenye ncha, na kigololi hicho kinaviringika kwenye wino mzito kama grisi, kwa hivyo usipokandamiza haiandiki. Aliyefanya mtihani wa saa tatu kwa biki anajua kidole cha kati kinavyokuwa mwishoni. Wino wa kalamu hii ni maji yaliyotiwa rangi. Unashuka wenyewe kupitia ule ufa mwembamba, kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Uzito wa kalamu unatosha. Wewe kazi yako ni kuielekeza tu.

Halafu kuna jambo la pili ambalo sikulitarajia. Neno likishaandikwa hubaki limeng'aa kwa sekunde chache kabla ya kukauka. Katika sekunde hizo huwezi kupitisha mkono juu yake, utalichafua. Inabidi ulingoje. Mimi hula kwa kuandika haraka, nalipwa kwa neno, na kwenye laptopu neno halijawahi kuniomba nilingoje. Kwa hivyo kulingoja neno moja likauke kulikuwa raha mpya kabisa kwangu, na sijui niiite nini kama si heshima.

Hamu ya kifaa hiki ni ya kale. Neno kalamu tulilipata kwa Waarabu, ambao nao neno lao lina undugu na neno la Kigiriki lenye maana ya tete, kwa sababu kalamu za kwanza zilichongwa kwenye matete. Karne ya 10, khalifa wa Kifatimi Al-Mu'izz, aliyetawala Afrika Kaskazini, aliagiza atengenezewe kalamu inayobeba wino wake ndani bila kuchafua mikono. Mwaka 1827 mwanafunzi mmoja Mromania aliyekuwa Paris, Petrache Poenaru, alipewa hataza nchini Ufaransa kwa kalamu yenye hifadhi ya wino. Mwaka 1884 Lewis Waterman akapata hataza yake huko New York, na baada ya hapo kalamu ya wino ikaingia mifukoni mwa makarani na walimu dunia nzima. Khalifa, mwanafunzi, mfanyabiashara: wote walitamani kuandika bila kukatizwa. Kwa hivyo raha yangu ina ukoo. Lakini kuwa na ukoo si kuwa na haki. Wivu nao una ukoo mrefu.

Sasa tuje kwa mashtaka. Nimeyasikia matatu, mengine kwa watu na mengine kichwani mwangu.

Shtaka la kwanza linasema: kalamu hiyo huihitaji. Biki ya shilingi 20 inaandika maneno yaleyale. Na kusema kweli biki naiheshimu. Marcel Bich alipoanza kuuza Bic Cristal huko Ufaransa mwaka 1950, alifanya kuandika kuwe jambo la kila mtu. Mkulima, konda wa matatu, mtoto wa shule ya kijijini, wote wanaweza kuwa na kalamu isiyomwagika wala kuhitaji chupa. Hakuna anayelia biki ikipotea. Tunaazimana na haturudishiani, na urafiki unaendelea. Kitu ambacho watu huibiana bila kukasirikiana kimetukuka kwa namna yake.

Anayeleta shtaka hili mara nyingi huongeza mfano mzito. Atakwambia: Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki akiwa gerezani Kamiti, kati ya 1969 na 1972, akiandika kwenye karatasi za chooni. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa Kamiti hiyohiyo mwaka 1978, na riwaya yake ya Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ilianza kwenye karatasi za chooni vilevile. Na wewe, uliye huru, mwenye meza na dirisha, unataka kalamu ya elfu tatu ili uandike nini?

Mfano huo ulininyamazisha siku mbili. Siku ya tatu nikaona kasoro yake. Karatasi ya chooni ilichaguliwa na gereza. Waandishi wale hawakuipenda, waliishinda. Ukiitumia kama kipimo cha mwandishi wa kweli, bila kujua unaanza kulisifu gereza, eti lilitupa vitabu vizuri. Hapana. Vitabu tulipewa na Abdilatif na Ngũgĩ, na gereza lilifanya lililoweza kuvizuia. Kwamba mtu aliweza kuandika bila kitu hakumaanishi kwamba mtu asipewe kitu. Mama zetu walijifungua kwa mwanga wa koroboi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema tuzime taa za hospitali.

Kwa hivyo ni kweli kalamu hii siihitaji. Lakini mambo mengi yanayotufanya tuwe watu hatuyahitaji kwa maana hiyo. Hatuhitaji leso yenye maneno, leso tupu ingefunika vilevile. Hatuhitaji mlango uliochongwa maua Lamu, ubao mtupu ungezuia mwizi. Ukimwondolea binadamu kila kitu asichokihitaji, utakayebaki naye ni mfungwa.

Shtaka la pili ni la pesa, na hili linauma zaidi kwa sababu ni la kweli. Rafiki yangu mmoja alipoiona alisema papo hapo, "Bana, uza hiyo kitu. Utatoa hata elfu mbili." Hakuwa na ubaya. Anajua deni langu, na aliwahi kunikopesha kabla sijamlipa la kwanza. Nilipita duka moja la vitabu mjini nikaona kalamu inayofanana na yangu ikiuzwa shilingi 3,400. Chumba changu ni shilingi 7,500 kwa mwezi. Hesabu hiyo hata mtoto anaifanya. Shangazi naye si tajiri. Anaishi kwa pensheni na shamba dogo la mahindi, na kwa bei hiyo alinitumia kitu kisicho mbali na thamani ya gunia zima la kilo 90.

Sasa hebu tulitazame swali hili bila kulipaka rangi. Je, mtu mwenye deni ana haki ya kukaa na zawadi ya anasa inayoweza kupunguza deni hilo?

Nilianza kwa kugundua jambo. Ukiwa na deni, kila shilingi yako inapata msimamizi. Ukinunua chipsi, kuna mtu anakuhesabia. Ukivaa shati jipya, hata la mtumba, utaulizwa umelitoa wapi. Wakili mwenye kalamu ya dhahabu mfukoni haulizwi kwa nini hajaiuza, hata kama naye anadaiwa mamilioni na benki. Deni la mkubwa ni mpango wa biashara. Deni la mdogo ni tabia mbaya. Kwa hivyo sehemu ya aibu niliyoisikia haikuwa dhamiri hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtaa, iliyozoea kuamini kwamba maskini anaruhusiwa vitu vyenye faida tu: unga, sabuni, karo. Ukimpa ua ataulizwa kwa nini si sukuma wiki.

Lakini nikiiondoa sauti ya mtaa, bado kuna kitu kinabaki. Mwenye nyumba wangu si benki. Ni mama mzee ambaye kodi za vyumba vyake sita ndizo riziki yake. Deni langu ni chakula chake. Hapa siwezi kujificha nyuma ya wakili.

Nilichofanya ni kumpigia shangazi. Nilimshukuru, kisha nikamwambia kwamba kalamu hii ni ghali mno kwa mtu kama mimi. Akasema, "Kwani nani amekuuliza bei?" Halafu akaanza kunisimulia chuo chake cha ualimu, jinsi mkufunzi wao alivyowakataza biki, eti inaharibu mwandiko, na jinsi yeye alivyokuwa akiazima kalamu ya mwenzake kwa sababu yake ilivunjika ncha na hakuwa na pesa ya nyingine. Aliazima muhula mzima. Hakuniambia kwamba ndiyo sababu ya zawadi. Alinisimulia tu, kisha akaniuliza kama huku Nairobi kunanyesha.

Baada ya simu hiyo niliona kwamba kuiuza kungekuwa kubadilisha kitu alichonipa bila idhini yake. Angetaka kunipa elfu mbili angenitumia kwa M-Pesa, ni dakika moja, na amewahi kufanya hivyo. Safari hii alichagua kwenda dukani, kusimama, kuchagua rangi ya wino, kutafuta boksi, na kwenda hadi stendi ya basi. Pesa zingeingia kwenye deni na kuyeyuka, na zingesema neno moja: najua una shida. Kalamu inasema jambo lingine. Inasema: najua kazi yako. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo ilipokwisha, na tangu hapo jamaa wengi huniuliza nitarudi lini. Yeye ndiye aliyenilipia mwaka wa kwanza, ana haki kubwa zaidi ya kuuliza, na hajawahi. Badala yake alinitumia kifaa cha kazi ambayo wengine bado wanaiita kukaa bure.

Seneca, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika vitabu saba vizima kuhusu fadhila, namna ya kuitoa na namna ya kuipokea. Hoja yake moja ni kwamba anayepokea kwa shukrani amekwisha lipa sehemu ya kwanza ya deni lake. Ni kweli Seneca alikuwa tajiri wa kutisha, kwa hivyo ni rahisi kwake kusema. Lakini sisi pia tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na methali hiyo ina upande wa pili ambao hatuusemi sana: kupokea nako ni moyo. Kama kutoa kwa shangazi hakupimwi kwa mfuko wake, basi na kupokea kwangu kusipimwe kwa mfuko wangu. Furaha yangu ndiyo risiti yake. Nikiipokea kalamu kwa uso wa huzuni, nikiomboleza kodi, nitakuwa nimemrudishia nusu ya zawadi njiani.

Na mwenye nyumba? Yeye nimlipe kwa kazi, wala zawadi ya shangazi isinipe kisingizio cha kuchelewa. Nimeshamlipa nusu. Nusu iliyobaki ni yangu, na kalamu haijaiongeza hata senti moja. Nadhani hapo ndipo mstari ulipo. Ningekopa ili ninunue kalamu, ningekuwa ninaandika kwa chakula cha mwingine. Raha niliyopewa sikumnyang'anya mtu.

Shtaka la tatu sikuletewa na mtu. Ni langu mwenyewe, na ndilo ninaloliogopa. Linasema: raha ya kalamu mpya ni udanganyifu. Inakupa hisia ya kuwa mwandishi kabla hujaandika. Sote tunamjua mtu aliyenunua viatu vya mbio akakimbia mara moja, aliyenunua gitaa likawa pambo la ukuta, aliyenunua daftari zuri akaogopa kulichafua. Kifaa kinakuwa badala ya kazi. Kidonda kilichomo ndani ya kipya ni hicho.

Siku tatu za kwanza niliandika upuuzi mtupu. Jina langu. Majina ya vituo kutoka Githurai hadi mjini: Roysambu, Allsops, Muthaiga, Pangani, Ngara. Herufi M kurasa mbili. Ilikuwa raha tupu isiyozalisha kitu, na siisikitikii, mtoto naye hucheza na kijiko kabla ya kukilia. Lakini siku ya nne nilijiuliza: raha hii ikipita, na itapita, kitabaki nini?

Jibu nililipata mahali pa kawaida sana. Ndani ya boksi mlikuwa na kikaratasi, kimekatwa kwenye daftari la hesabu, chenye mwandiko wa mwalimu, kila herufi imesimama wima. Nilitarajia baraka, au nasaha. Kilikuwa kimeandikwa: "Ioshe kwa maji baridi kabla ya kubadilisha wino. Ukimaliza chupa uniambie."

Ukimaliza chupa uniambie. Hilo ndilo sharti pekee la zawadi. Kibomba kinabeba chini kidogo ya mililita moja, kwa hivyo chupa ni zaidi ya mara hamsini za kujaza. Hakusema niandike kitabu, wala nirudi chuo, wala nimwonyeshe nilichochapisha. Alitaka wino uishe. Na wino hauishi kwa kutazamwa. Kinyume chake, kalamu hii ukiiacha wiki kadhaa bila kuitumia, wino hukauka ndani ya ule ufa mwembamba na kalamu inaziba. Biki itakungoja kwenye droo miezi, haina neno. Kalamu ya wino inakudai. Ukiimiliki bila kuitumia, inakufa mkononi mwako.

Hapo nikaanza kutofautisha raha mbili tunazozichanganya. Ipo raha ya kuwa na kitu, na hiyo ndiyo inayochakaa pamoja na upya. Ipo raha ya kukitumia, na hiyo huanza hasa pale upya unapoisha. Kifuniko changu tayari kina mkwaruzo. Mara ya kwanza niliuona niliumia, mara ya pili sikuuona. Lakini mkono wangu sasa unajua pembe ambayo ncha inapenda, na siku ya kwanza haukujua. Raha ya kwanza nilipewa na kiwanda. Ya pili naitengeneza mwenyewe, na hakuna deni linaloweza kuja kuichukua.

Washairi wa pwani walilijua hili zamani. Katika tenzi nyingi, kabla ya kisa kuanza, mtunzi huomba aletewe vyombo: karatasi, wino mzuri, kalamu. Shuleni nilidhani ni desturi tu ya kujaza beti. Siku hizi naisoma kama furaha. Mtu anataka kusema jambo zito na anaanza kwa kutengeneza mahali pa kulisemea. Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimwita binti yake aje akae karibu, naye aje na wino na karatasi. Fikiria hilo. Mama ana maradhi, muda wake ni mfupi, na bado wino unatajwa mwanzoni. Wino hapo si anasa. Ni dalili ya kwamba maneno yanayokuja yanastahili kubaki.

Na Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa akinakili tenzi kwa mkono wake mzuri kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner na William Hichens. Baadhi ya nakala hizo bado ziko London. Kwa lugha ya leo alikuwa mwandishi wa kujitegemea mwenye wateja wa ng'ambo. Alikuwa pia mchongaji na mshairi, na hati zake zinaonyesha mtu aliyeipenda herufi yenyewe, siyo malipo peke yake. Nikiandika kuhusu sabuni za mbwa humkumbuka, nikatulia.

Imebaki kuipima raha hii kwa kipimo kimoja cha mwisho. Kuna raha zinazohitaji mwingine akose. Gari kubwa linapendeza zaidi jirani akiwa anatembea. Raha ya namna hiyo, hata iwe yako kihalali, ina sumu. Je, yangu ni ya aina hiyo?

Katika ploti yetu kuna msichana wa gredi ya sita anayekuja kuazima kamusi. Aliiona kalamu mezani akauliza kama anaweza kujaribu. Wapenzi wa kalamu za wino husema usiazime kalamu yako, eti ncha huzoea mkono mmoja. Nilisita, kisha nikampa. Aliishika kama biki, akakandamiza, na ile ncha ikatanuka kidogo, nami nikasikia roho ikishuka magotini. Nikamwambia, polepole, usisukume, iache ijiandike. Akaandika jina lake. Akalitazama likikauka. Kisha akasema, "Haiumi!" akacheka, akaandika jina la mamake, la dadake, na la mwalimu wake wa Kiswahili.

Niliangalia ndani yangu kama kuna kitu kimepungua. Wino, ndiyo, matone machache. Raha, hapana. Iliongezeka, tena kwa namna ambayo nisingeipata peke yangu. Sasa huja kila Jumamosi, na kwa kila ukurasa wake chupa inakaribia kwisha, jambo ambalo shangazi hatalikataa.

Kwa hivyo naona raha ya kitu kipya tusichokihitaji ni halali kwa mdaiwa kama ilivyo halali kwa wakili, mradi haikununuliwa kwa chakula cha mwingine, haihitaji mwingine akose, na inakutuma ufanye kazi badala ya kukulaza. Masharti hayo si ya maskini pekee. Matajiri wengi wangeshindwa nayo mapema sana.

Na kama wewe ndiye unayetoa, nina ombi. Ukiona mtu ana shida, mpe unga kwanza. Usimwandikie mwenye njaa barua kwa wino mzuri. Lakini siku moja, ukiweza, mpe pia kitu asichokihitaji, kilichochaguliwa kwa sababu unaijua kazi ya mikono yake. Usimtajie bei. Mwambie tu namna ya kukiosha.